Ulimi na Mkate

Somo: Amosi 7:10-17

Popote mlipo, ikiwa ni hapa Garissa mjini, au Wajir, au Mandera, au njiani juu ya lori la mifugo, karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache tulitafakari Neno la Mungu.

Si ajabu siku hizi kusikia kwamba mtu mashuhuri amepoteza kazi yake kwa ajili ya maneno aliyosema juu ya siasa. Mwanzoni mwa mwaka 2016 mhariri mmoja wa gazeti la Daily Nation, Denis Galava, aliachishwa kazi baada ya kuandika tahariri ya mwaka mpya iliyomkosoa Rais. Na hapa kwetu, mwezi wa Julai 2024, chama cha Wiper kilitangaza kumfukuza mbunge wa Dadaab, Mheshimiwa Farah Maalim, kwa ajili ya mkanda wa video uliodaiwa kumwonyesha akisema maneno makali juu ya vijana walioandamana. Mwenyewe alikana, akasema mkanda ule ulichezewa. Sisi hatukuitwa kuwa mahakimu wa jambo hilo. Lakini twakumbuka jinsi watu walivyogawanyika. Wengine walishangilia, wengine wakakasirika, na wachache tu walinyamaza wakajichunguza.

Leo twataka kuuliza swali moja. Mtu akipoteza mkate wake kwa sababu ya ulimi wake, je, hiyo ni alama kwamba alikosea?

Mara nyingine ni kweli alikosea. Wazee wetu walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wengi wenu mnamkumbuka Askofu Alexander Muge wa Eldoret, ambaye hakuogopa kuwasema wakubwa waliowanyang'anya wanyonge ardhi. Mwezi wa Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya hadharani asikanyage Busia, kwamba akienda huenda asitoke hai. Askofu alikwenda. Tarehe 14 Agosti, akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori, naye akafa. Siku chache baadaye waziri alijiuzulu. Hatusemi kwamba maneno yake yaliendesha lile lori. Twasema tu kwamba neno likishatoka kinywani halirudi, na msemaji hana uwezo wa kuchagua siku litakapomfikia tena.

Lakini sasa fungueni Biblia zenu mmwangalie Amosi. Alikuwa mchungaji wa mifugo, mtu ambaye wafugaji wa huku kwetu wangemwelewa upesi. Alikwenda Betheli akasema juu ya wanaowakanyaga maskini. Kuhani Amazia akapeleka habari kwa mfalme Yeroboamu, kisha akamwambia Amosi akimbilie Yuda, akale mkate wake huko na kutoa unabii huko, kwa maana Betheli ni mahali patakatifu pa mfalme. Ndugu zangu, angalieni jinsi Amazia alivyotaja mkate! Alidhani kila asemaye husema kwa ajili ya tumbo. Amosi alimjibu kwamba yeye si nabii wa kazi wala mwana wa nabii. Ni mchunga wanyama na mtunza mikuyu, ambaye Bwana alimtwaa akamtuma. Kinywa chake hakikufungwa na mkate wa mfalme, na kwa hiyo kiliweza kusema kweli.

Hata katika nchi yetu ya Kaskazini Mashariki tumemwona mtu wa namna hiyo. Hakuwa wa madhehebu yetu. Alikuwa mwanamke Mkatoliki kutoka Italia, jina lake Annalena Tonelli. Alikaa Wajir miaka mingi akiwahudumia wafugaji wenye kifua kikuu, watu ambao wengine waliogopa hata kuwakaribia. Mwezi wa Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakakaa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Walionusurika walisema ni mamia, hata maelfu. Annalena alikwenda kuwatafuta waliojeruhiwa na kuwazika wafu, naye hakukubali kunyamaza. Mbunge Ahmed Khalif naye aliinua sauti Bungeni. Baadaye Annalena alilazimishwa kuiacha Kenya. Aliwaacha wagonjwa wake, akaacha kazi aliyoijenga kwa mikono yake, akaendelea kuwatibu wengine huko Somalia, hata alipouawa kwa risasi mjini Borama tarehe 5 Oktoba 2003.

Basi twaona kwamba wawili wanaweza kupoteza kazi kwa ajili ya maneno, na mmoja awe na hatia, mwingine awe shahidi. Tukitaka kuwatofautisha tusiangalie ni nani aliyefukuzwa. Tuangalie neno lake lilisimama upande wa nani. Je, lilimkanyaga aliyeanguka, au lilimwinamia?

Mpaka hapa tumesema habari za watu mashuhuri. Lakini Bwana ametusukuma tuseme na habari zetu wenyewe.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, watoto wa makanisa yetu. Wakati ule palikuwa na mama mmoja, jirani Mwislamu, ambaye kila asubuhi alituletea maziwa ya ngamia. Siku ya pili baada ya msiba alikuja kama kawaida, akaweka maziwa mlangoni, akakataa fedha. Alilia pamoja nasi. Lakini majuma yaliyofuata, tulipokuwa tukitoka ibadani, tulianza kusema, "Hawa watu ni wamoja. Walijua." Tulisema barazani, tukasema sokoni. Mmoja akaacha kununua maziwa yake, kisha wa pili, kisha sote. Mama yule hakuwa amesema neno lolote la siasa. Hakuna aliyemfukuza kwa barua. Ulimi wetu ndio uliomnyang'anya mkate.

Mungu alipotushtua tulikwenda kumtafuta tumwombe msamaha. Tuliambiwa ameuza ngamia wake wa mwisho, akarudi kwa ndugu zake upande wa Modogashe. Tulituma salamu kwa wasafiri. Hatukumpata hata leo.

Wapendwa, mtu mashuhuri akikosea kwa ulimi, nchi nzima humsikia na yeye mwenyewe hulipa. Sisi wadogo tukikosea, mara nyingi anayelipa ni mwingine ambaye jina lake halitatajwa gazetini. Yakobo ametuonya kwamba kinywa kimoja hakifai kutoa baraka na laana, kama vile chemchemi moja haitoi maji matamu na machungu. Sisi tunaochimba visima katika nchi kavu twajua maana yake. Kisima kikiingia chumvi, mifugo yote huteseka.

Kwa hiyo, ikiwa umeitwa kusema kweli kwa ajili ya mnyonge, sema, hata ukipoteza mkate. Bwana aliyemlisha Amosi hajakufa. Na ikiwa umemjeruhi jirani kwa maneno, usingoje Jumapili ijayo. Nenda leo, kabla hajafunga mizigo yake.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe mkate tuliowanyang'anya wengine kwa ndimi zetu. Popote alipo yule mama, umlishe na umfariji. Utupe ujasiri wa kusema pale tulipozoea kunyamaza, na haya ya kunyamaza pale tulipozoea kusema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, na Mungu awabariki.