Moshi Mbele ya Flashi



Picha nyingi zinazotoka kwetu zinaonyesha hema, foleni na mtoto mwenye kulia. Leo vijana wetu wanajifunza picha ya moshi. Ndani yake hamna shida ya mtu, muko ufundi tu.

Kazi iko hivi. Funga madirisha, upepo usiingie. Tundika kitambaa cheusi, washa kijiti cha ubani. Flashi iweke pembeni, na kartoni izuie mwanga usipige kitambaa wala lenzi. Aparei ilenge ncha ya kijiti. Anza na f/8, ISO 100, sekunde 1/200. Mwanga wa flashi ni mfupi sana, ndiyo maana moshi unakamatwa umesimama. Chumba kikijaa moshi, fungueni, pumueni kwanza.

Kwenye kompyuta, ongeza weusi, tia rangi. Ukigeuza nyeusi kuwa nyeupe, moshi unaonekana kama wino juu ya karatasi.

Kijana anayetawala mwanga juu ya moshi, picha za harusi ao za karte hazitamshinda. Hapo ndipo mkate uko. Wafadhili, mkituomba picha, ombeni na hizi.