Kanuni za Upelelezi Si Siri ya Serikali



Mmetualika tuseme juu ya polisi na masikio yao. Wazee waliomo humu hawahitaji somo. Enzi za chama kimoja, palipokuwa na mkutano wa maombi palikuwa na mgeni asiyebeba Biblia, ambaye kalamu yake ilikimbia pale tu mhubiri alipotaja haki. Msako wa Mwakenya wa 1986 na 1987 uliwafikisha wenzetu katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Mwaka 1988 gazeti la Beyond la Baraza la Makanisa lilipigwa marufuku baada ya kueleza yaliyotendeka katika uchaguzi wa mlolongo.

Special Branch walitutisha kwa kusikiliza, lakini walitutisha zaidi kwa sababu hapakuwa na wa kuwauliza. Nani amewapa ruhusa? Kwa sheria gani? Mpaka wao u wapi? Kuuliza kwenyewe kulikuwa uchochezi, na Sheria ya Siri za Serikali ya 1968 ilikuwa kufuli mlangoni.

Kufuli hilo Katiba ya 2010 ililifungua. Kifungu cha 31 kinalinda mawasiliano ya kila mtu yasiingiliwe. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Wengi wetu twakijua cha kwanza, ila ni wachache wanaokitumia cha pili, nacho ndicho chenye meno.

Tazameni sheria ilivyo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inamtaka afisa wa polisi aende mahakamani kuomba amri kabla ya kunasa mawasiliano. Desemba 2014 Bunge likaongeza sehemu ya 36A, inayoruhusu vyombo vya usalama wa taifa, yaani jeshi, ujasusi na polisi, kunasa mawasiliano kwa utaratibu utakaowekwa na Waziri. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vipengele 8 vya mabadiliko yale ya 2014, lakini kipengele cha kunasa mawasiliano ikakiacha kisimame. Sehemu hiyo hiyo yasema kwamba kanuni za Waziri hazitakuwa na nguvu mpaka ziidhinishwe na Bunge la Taifa. Basi swali letu la kwanza ni hili: kanuni hizo zi wapi, na ziliidhinishwa siku gani? Huwezi kumhukumu mtu kwa kanuni aliyofichwa, wala huwezi kumsikiliza kwayo.

Tutaambiwa tunawasaidia wahalifu. Hatudai kujua simu ya nani inasikilizwa leo usiku. Utaratibu wa polisi kupekua nyumba umeandikwa katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, na yeyote anaweza kuusoma. Hatujasikia mwizi aliyeponyoka kwa kuusoma. Twadai vivyo hivyo kuhusu simu. Maombi mangapi yalipelekwa mahakamani mwaka jana? Mangapi yalikataliwa? Fedha kiasi gani zilitumika? Yaliyonaswa huhifadhiwa muda gani, na nani huyaona? Marekani, kwa sheria ya 1968, huchapisha kila mwaka hesabu ya amri za kusikiliza mazungumzo pamoja na gharama zake, na hakuna anayesema kwamba nchi ile haijali usalama wake.

Na kamera je? Mradi uliotolewa 2014 ulikuwa wa shilingi bilioni 14.9 na kamera 1,800 katika Nairobi na Mombasa. Nguzo tunaziona. Tuulize picha zakaa siku ngapi.

Haya si mambo ya mawakili peke yao. Baada ya maandamano ya Juni 2024 vijana walichukuliwa na watu waliofunika nyuso. Hadi Desemba mwaka ule Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82. Nchi nzima iliuliza: waliowachukua walijuaje mahali walipo? Mama wa kijana kama huyo ana haki asiyoambiwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Saa 48, ndugu zangu. Padre au mchungaji anayeijua sheria hii aweza kumwandikia mama huyo barua kabla jua halijatua.

Barua yenyewe ni nyepesi. Huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Ombi halilipiwi, wala hulazimiki kueleza sababu. Asiyejua kuandika, afisa wa habari ana wajibu wa kumwandikia. Ukikataliwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi waiitayo Ombudsman.

Watakataa, bila shaka, kwa kutaja usalama wa taifa, na sheria inawapa nafasi hiyo. Lakini yasema pia kwamba habari yaweza kutolewa ikiwa manufaa ya umma yanazidi madhara. Mwaka 2017 Katiba Institute iliinyima Ikulu raha kwa kudai maelezo ya matangazo ya serikali yaliyotolewa wakati wa uchaguzi, na Mahakama Kuu ikaamuru yatolewe. Na kuna jambo ambalo wazee watalipenda: habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 huhesabiwa kuwa haina kinga, mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Majalada ya 1986 yamekwisha kuvuka umri huo. Aliyeandikwa na yule mgeni asiye na Biblia na aombe jalada lake.

Barua mbili ziko mezani karibu na mlango. Moja yamwuliza Waziri juu ya kanuni za 36A, ya pili yamwuliza Inspekta Jenerali wa Polisi juu ya hesabu na gharama. Kila parokia na kila kikundi kichukue nakala, kiweke jina na anwani yake, na kidai muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku 21 zitahesabiwa kutoka hapo.