Goti Likiuma, Tupime na Sukari



Gegedu la goti likilika, kila hatua huuma. Mwalimu hufundisha ameketi. Mkulima huacha jembe. Hapo ndipo hatari ya pili huanza, kwani misuli isiyofanya kazi haitumii sukari ya damu ipasavyo.

Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotangazwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu zaidi ya 16,000. Waliolika nyonga au magoti yote mawili walipata kisukari zaidi ya wenzao, na sababu mojawapo ilikuwa taabu ya kutembea.

Basi tusiseme, "Ni uzee tu." Mgonjwa wa goti hana budi kutibiwa maumivu, kupimwa sukari na kusaidiwa kutembea kadiri awezavyo. Kumwambia akae tu ni kumwongezea maradhi.