GARI LA USHIRIKA: MANENO TULIYOSEMA MKUTANONI



Mmeuliza kwa nini Suzuki yetu iko juu ya magogo wiki ya tatu, na maziwa yanabebwa kichwani. Haya, tujibu.

Mwaka jana gereji moja ya mjini ilituinulia bodi kwa vipande vya mbao ili tairi kubwa zisikwaruze. Mvua zikaja, mbao zikaoza, bodi ikawa inacheza juu ya chesisi kama kitanda kibovu. Siku ile ya kumpeleka mama mjamzito zahanati, mkono wa gia ulikwama kwenye sakafu. Mnakumbuka wenyewe.

Safari hii tunatengeneza wenyewe. Tumekata paipu nene ya chuma vipande vya sentimeta 5, vyote sawasawa, tukachomelea bamba juu na chini. Raba za zamani zinabaki pale pale. Bolti ni ndefu zaidi, zenye alama 8.8 kichwani, zile za kufungia mageti hatutaki. Rejeta hupanda na bodi, feni hubaki na injini, kwa hiyo kava lake tumelishusha. Mpira wa kujazia mafuta nao tumeurefusha. Kazi kubwa ni fimbo ya usukani: ikishikilia kidogo tu, itachomoka njiani. Hapo hatuna haraka, hata mkinung'unika.

Na vijana msidanganyike. Kuinua bodi hakuinui difu hata kidogo. Jiwe litaigonga vile vile. Tena gari likiwa refu hupinduka upesi, basi magunia juu ya paa marufuku.

Jumamosi asubuhi tunataka watu sita wa kushika bodi.