Tundu na Ulimi kwa Mashine: Maneno kwa Wanachama wa Kakamega



Mwatujua sisi ni watu wa reli, na mji huu wa Kakamega hauna stesheni. Reli iliishia Butere. Basi msidhani tumekuja kuwafundisha mafundi seremala kazi yao. Tumeombwa tueleze habari za ile ruta tuliyoinunua kwa mchango, sisi watu sita, ili tupate kazi ya jioni na ya siku za baadaye tutakapostaafu. Wengi mmeuliza kama ni mali au ni hatari. Jibu letu ni kwamba ni vyote viwili.

Kwanza tuungame kosa letu. Kabla ya mashine tulitengeneza vigoda 12 kwa misumari, tukaviuza. Haukupita mwaka vikaanza kurudi kimoja kimoja, vinayumba kama ng'ombe mgonjwa. Mbao zilikuwa za mkaratusi usiokauka vizuri. Zilipokauka zilinywea, na msumari uliopigwa kwenye kichwa cha ubao haushiki sana hata ubao ukiwa mkavu. Tukavitengeneza upya bila malipo. Hapo ndipo tulipokubali kwamba kigoda chataka tundu na ulimi, kama wazee walivyofanya. Wenzetu wa Lamu waliunda kiti cha enzi kwa ndimi na vigingi tu, kikaweza hata kufunguliwa vipande na kuunganishwa tena.

Sasa hesabu. Kigoda chetu kina miguu 4 na vipande vya mlalo 8, vinne juu na vinne chini. Hayo ni matundu 16. Vigoda 12 ni matundu 192. Kwa patasi nene ya kutobolea, ile mafundi wa Pwani huiita juba, sisi twatumia robo saa kwa tundu moja, maana yake saa 48. Nani ana saa 48 baada ya kazi? Lakini mtu anayetaka kigoda kimoja cha mama yake asinunue mashine. Achukue juba na nyundo ya mti, atamaliza kabla hatujamaliza kufunga vifaa vyetu.

Kazi yenyewe ni hivi. Miguu yetu ni mbao za inchi mbili kwa mbili, na vipande vya mlalo ni vya inchi moja unene, ambavyo vikipigwa randa hubaki kama milimita 22. Ulimi uwe theluthi ya unene huo, basi twatumia biti ya milimita 8. Tundu likatwe kwanza, halafu ulimi uchongwe kulifuata tundu, kwa sababu biti haibadiliki upana lakini ulimi waweza kupunguzwa. Kina cha tundu ni milimita 28, na ulimi uwe mfupi kwa milimita 2, ili gundi ipate mahali pa kukaa. Mguu uache mrefu kidogo upande wa juu, usije ukapasuka karibu na tundu; utakatwa mwisho. Tena matundu mawili ya pembe moja yasikutane ndani ya mguu: moja liwe juu, la pili chini yake.

Msishushe biti kina chote mara moja. Sisi twashusha milimita 4, twapita, twashusha tena 4, hata mara saba. Mwenye haraka ataunguza mbao na kuvunja biti, na kipande cha biti kikiruka hakichagui jicho la nani.

Mguu wa inchi mbili ni mwembamba, na mashine ikiukalia peke yake huinama. Bana mbao nyingine kando yake, zilingane kwa juu, ili mashine ikae kama juu ya meza. Sasa sikilizeni jambo lililotusumbua mwezi mzima. Biti huzunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka juu. Ukiisukuma mashine mbele, yenyewe huvuta kwenda kushoto. Basi ule mwongozo wa ubavuni uwekwe upande wa kulia wa mbao, ili mvuto huo uubane pale pale. Sisi tuliuweka kushoto, na matundu yetu yakatoka yamepinda kama njia ya kwenda kisimani. Wala usiivute mashine kurudi ikiwa inakata. Inua biti, rudi mwanzo, usukume tena.

Tundu la ruta huwa na ncha za mviringo. Wengine huzichonga ziwe mraba kwa patasi. Sisi twaviringisha pembe za ulimi kwa tupa ya mbao, ni upesi zaidi. Ulimi mzuri huingia kwa mkono na kugongwa kidogo mwishoni. Ukiingia wenyewe bila kusukumwa ni mlegevu, na gundi nyeupe haitaujaza uwazi huo. Ukitaka nyundo nzito, utapasua mguu.

Tumefika penye hatari, na hapa hatutaki mtu acheke. Jioni moja umeme ulikatika tukiwa kazini, kama mnavyoujua umeme wetu. Mwenzetu aliiweka mashine juu ya benchi, akaenda kunywa chai. Swichi ilikuwa bado imefungwa kwenye kuwaka. Umeme uliporudi, mashine ikaanza yenyewe, ikaruka benchini, ikakata waya wake na kuchimba mguu wa benchi. Mtoto wake alikuwa ametoka kuokota vipande vya kuni mahali pale pale. Tangu siku hiyo umeme ukikatika twazima swichi na kuchomoa plagi, hata kama ni kwa dakika moja. Plagi huchomolewa pia kila tunapobadili biti, na biti huingizwa milimita 20 au zaidi, isiguse chini kabisa, ndipo ikazwe. Miwani ni lazima, na kitambaa kizito cha pua, kwa sababu vumbi la mbao ngumu limethibitishwa kuleta saratani ya pua.

Mbona jambo hili liletwe mbele ya chama? Kwa sababu sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya fidia ya wafanya kazi yamhusu mtu aliyeumia katika kazi ya mwajiri wake. Kidole kilichokatwa na ruta nyumbani kwako usiku hakimhusu mwajiri, lakini Jumatatu asubuhi ndicho kidole kile kile unachokihitaji kushika spana. Twaomba kamati ifikirie mfuko mdogo kwa wanachama wenye kazi za mikono nyumbani. Sisi sita tumekwisha anza wetu: kila kigoda kikiuzwa twaweka kando kitu kidogo, na daftari liko kwa mweka hazina, mwanachama yeyote aweza kulitazama.

Jumamosi ijayo, saa nane mchana, tutakata matundu ya vigoda sita. Mwenye kupenda kuona aje, aje na miwani yake. Asivae shati la mikono mirefu inayoning'inia, na watoto wabaki nyumbani.