Siku ya Kwanza kwa Mshauri Nasaha

Wengi huahirisha miadi ya kwanza si kwa kuogopa maswali, bali kwa kuogopa bili. Basi suala la pesa lianze mapema, kwenye simu ya kuweka miadi: kikao kimoja ni shilingi ngapi, na anayeshindwa kumudu hupunguziwa?

Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyejisajili huko, au mwenye bima ya kazini, aulize kama kituo kinakubaliwa na kama ushauri nasaha unalipiwa. Bima nyingine hutaka kibali kabla ya kikao. Asiye na kitu asikate tamaa: Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

Kuuliza usajili wa mshauri si utovu wa adabu. Sheria ya mwaka 2014 inawataka wanasaikolojia na washauri nasaha wasajiliwe.

Kuhusu maandalizi, karatasi moja yatosha: kilichomleta mteja, usingizi wake ukoje, dawa anazotumia. Kikao cha kwanza huwa hasa cha kufahamiana. Machozi yakitangulia maneno, mshauri atasubiri.