Rehab, methadoni na ile ahadi ya jengo

Wadau, haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana huku Pwani. Wengi waliomba niyaweke, basi uzi ndio huu. Jina la mwanasiasa hutalipata.

Wazee wetu, akina mama, vijana wenzangu. Kila msimu wa kampeni tunaahidiwa rehab. Jiwe la msingi litawekwa, utepe utakatwa, picha zitapigwa. Mimi sina ugomvi na jengo. Ila kwa mtu wa unga, jengo ni sehemu ndogo tu ya mambo.

Tiba ya methadoni kwenye hospitali za umma ilianza Kenya Desemba 2014 pale Mathari, Nairobi, na Malindi ikafuata 2015. Inakwenda hivi: mgonjwa anafika kituoni kila siku, anapewa dawa ya maji, anaimeza mbele ya mhudumu, anaenda zake. Dawa inamshikilia karibu siku nzima bila arosto. Kesho, tena. Sikukuu, tena. Wengine wanahitaji miaka.

Sasa piga hesabu. Mtu anaishi mbali na kituo, kibarua hana, na nauli ya kwenda na kurudi ni ya kila siku. Akikosa siku mbili arosto inamrudia, na unga uko mtaani kwao, hauhitaji matatu. Hapo ndipo tunapowapoteza watu.

Kuna wanaosema, "Si mnawabadilishia tu uraibu?" Swali halali. Lakini anayemeza dawa iliyopimwa hachangii sindano, na sindano ndiyo inayosambaza virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya C. Sufuria za mamake zinabaki jikoni. Mimi hiyo naiita tiba. Ila pia tusidanganyane: methadoni ni ya heroini na jamii yake. Haitibu pombe wala muguka. Mheshimiwa akizichanganya zote kwa sentensi moja, jua hajaongea na daktari.

Tuje kwa pesa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti vituo vya afya, hata udhibiti wa mihadarati umo humo; serikali kuu ikabaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Kwa hivyo kila mmoja ana pa kumsukumia mwenzake. Katikati hapo, mzigo mkubwa umebebwa na wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona ni hatari kiasi gani dozi ya kila siku kutegemea mfuko wa mwingine.

Basi mgombea akija na ramani ya jengo, muulize: kwenye bajeti ya kaunti, dawa imetengewa shilingi ngapi? Muuguzi wa Jumapili analipwa na nani? Akisema hilo ni la Nairobi, mwambie aonyeshe barua aliyowaandikia Nairobi.